Kwa Ssenga Teo, Hutoki Bila Kutoa Maoni

Saa nne asubuhi, Jumamosi. Teopista Nabukalu amekaa kwenye kigoda nyuma ya kibanda chake cha video mjini Kalisizo, anamenya ndizi. Kisu kinakwenda haraka. Maganda yanaangukia kwenye karai, ndizi anazipanga kwenye majani ya mgomba aliyoyababua motoni. Pembeni, mchuzi wa karanga unatokota polepole.

Jirani anapita, ananusa, anauliza kama kuna arusi ambayo yeye hakualikwa.

"Hakuna arusi," anajibu Teopista bila kuinua kichwa. "Nina kazi saa nane."

Na kazi yake si upishi. Mama huyu wa miaka hamsini na nne ni mtafsiri wa sinema. Picha ikianza, anakaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti mkononi, na Wazungu, Wachina na Wahindi wote wanaanza kuongea Kiganda. Steringi, yule shujaa wa picha, akilia, analia yeye. Adui akipigwa risasi, anakufa yeye. Kuna siku anakufa mara thelathini, halafu jioni anakwenda sokoni kununua nyanya.

Watu wanamwita Ssenga Teo. Ssenga ni shangazi, yule anayemweka binti chini kabla ya kuolewa na kumwambia mambo ambayo mama anaona haya kuyasema. Teo hakupewa jina hilo na ndugu yeyote. Alipewa na wateja, kwa sababu hata kwenye picha za vita lazima amkatishe steringi katikati ya mapigano na kumuuliza kama mkewe ameachiwa pesa ya matumizi.

Leo si siku ya kawaida. Kibanda kimekaa na kufuli siku kumi na tatu. Kimefunguliwa kwa onyesho moja tu, mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Likienda vizuri, kibanda kinabaki wazi. Likiharibika, kufuli linarudi, na miaka ishirini na kitu ya kazi inaishia hapo.

Na picha itakayoonyeshwa ni ileile iliyoleta kufuli.

Picha hiyo haina jina. Mkanda wake Teo aliununua Kampala mwaka 2003, ukiwa hauna kasha, umechanganywa na viatu vya mitumba. Ni picha ya zamani sana, haina rangi, na lugha yake hakuna aliyewahi kuitambua. Mseminari mmoja aliwahi kuisikiliza kwa nusu saa, akasema kuna jambo moja tu ana hakika nalo: si Kilatini.

Wateja wenyewe waliipa jina, Bibi Arusi wa Unga. Binti kaolewa kwa mtu mwenye kinu cha kusaga ngano kando ya mto. Siku moja anakanda unga, pepo wa mzee aliyezama mtoni anampanda. Binti anaanza kuongea sauti ya mzee. Unga unaruka mpaka darini. Mama mkwe anamwita mtu wa koti jeusi mwenye kengele, naye anaipiga kengele na kufoka mpaka pepo anatoka. Binti anabaki ameegemea dirisha, nje theluji inaanguka. Hapo mkanda unakatika. Skrini inakuwa ya bluu.

"Maneno yote nimeyatunga mimi," anasema Teo. "Mpaka leo sijui walikuwa wanasema nini. Labda walikuwa wanabishana bei ya ngano."

Siku ya kwanza kuionyesha, fundi baiskeli mmoja aligoma kutoka. Alishika benchi kwa mikono miwili, akasema amelipa kiingilio na anataka kujua binti alipona au hakupona. Teo akachukua kalamu. Akamwambia aseme yeye anavyoona, akayaandika maneno yake kwenye daftari la hesabu za mwanawe. Fundi akaridhika. Aliyekuwa nyuma yake akasema, na mimi niandike.

Ndiyo ikawa sheria ya kibanda. Kuingia ni shilingi elfu moja, zamani ilikuwa mia tano. Kutoka ni maoni. Bila maoni hutoki, hata uwe na haja ndogo.

Leo ana kaunta buku saba. Nyingine zinahusu picha za karate, ambazo maoni yake karibu yote ni "safi sana". Lakini kaunta buku nne nzima ni za Bibi Arusi wa Unga tu, maana hiyo picha watu hawaichoki. Ukizifungua popote unakuta mtu anaongea.

"Mume ni bwege. Mke anaongea sauti ya mzee, yeye anauliza mkate uko wapi."

"Nyumba hii haina shangazi. Angekuwepo, haya yasingetokea."

"Pepo ana haki. Alizama, hakuzikwa, mlitaka akakae wapi?"

"Nimeogopa vizuri. Nitarudi."

Halafu kuna maoni ya Fulgensia Nabbosa, mchuuzi wa kahawa mwenye miaka sitini na mbili. Huyu ni mama wa mapacha, kwa hiyo hakuna anayethubutu kumwita kwa jina lake, ni Nnalongo. Anakaa benchi la mbele, kulia, tangu onyesho la kwanza. Kuandika hajui, anasema na Teo anaandika. Na kwa miaka yote hiyo, kila alipoiona picha hii, alisema maneno mawili yaleyale.

"Binti hajala."

Ukimuuliza maana yake, anakueleza kama mtu aliyechoka kueleza jambo lililo wazi. "Mtu akishapandwa na pepo, pepo akishuka, yule mtu anakuwa kama aliyelima shamba zima peke yake. Unamfunika, unampa chakula. Yule wamemwacha dirishani na baridi ile. Hata ndizi moja jamani."

Sasa tuje kwenye kufuli.

Jumapili ile Teo alikuwa na mafua. Kwenye picha, pale pepo anapoingia, sauti ya mkanda ilishakufa zamani, kwa hiyo siku zote hujazia yeye kwa mdomo, anavuma kama upepo. Lakini kwa mafua yale, akivuma anakohoa. Akakumbuka manyanga ya bibi yake, vibuyu viwili vyenye mbegu ndani, vilivyoning'inia kwenye boriti ya nyumba tangu bibi alipofariki. Akavishusha. Akaona amepata sauti nzuri ya bure.

Bibi yake alikuwa mtu wa mizimu. Watu walikuwa wakija kwake kutoka mbali, na Teo alikulia mlangoni pa chumba hicho, akisikiliza.

"Nilipovishika, mkono wenyewe ulikumbuka mapigo," anasema. "Kichwa ndicho kilichosahau kuwa yale mapigo si muziki. Ni wito. Ni sawa na kumpigia mtu simu halafu ushangae amepokea."

Mapigo hayakufika hata dakika mbili. Nnalongo, kwenye benchi la mbele, alianza kutikisika mabega. Akashuka benchini, akakaa chini, akakunja miguu kiume. Akaomba kiko. Sauti iliyotoka haikuwa yake.

Watu sitini walikuwa ndani, na hakuna aliyekimbia. Kila mtu alijua la kufanya bila kuambiwa. Vijana waliokuwa wamevaa kofia walizivua. Wote wakapiga magoti, wakapiga makofi taratibu, wakamsalimia babu, wakamuuliza habari za alikotoka. Kahawa ya kumkaribishia ilitoka kwenye mfuko wa Nnalongo mwenyewe. Nguo ya magome ya mti, anayofunikwa mtu aliyepandwa, haikuwepo, kwa hiyo mtu mmoja alichomoa pazia la mlango, ambalo kwa bahati ni la kahawia, akamfunika mabegani.

Teo alipiga magoti na kipaza sauti mkononi, kimewashwa. Spika ya nje nayo imewashwa. Soko zima likasikia. Kwenye skrini picha inaendelea, mtu wa kengele anafoka.

Pepo aliuliza, "Nani kaniita?"

"Ni mimi, babu," Teo akajibu. "Nisamehe. Nilikuwa naigiza."

"Mmeniita nije kuona binti wa watu anafokewa? Huyo wa kengele hata jina hakuuliza."

Mtu wa nyuma alisikika akisema kuwa hayo ni maoni, yaandikwe. Yaliandikwa. Yapo kwenye kaunta buku la saba, ukurasa wa kumi na moja, na mahali pa jina Teo ameweka kistari.

Pepo alipewa togwa la ndizi, akashukuru, akaaga, akaondoka. Nnalongo akafumbua macho, akauliza picha imefika wapi.

Kabla hajajibiwa, mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Ni Pasta Erisa Kaggwa, ambaye kanisa lake limepakana na kibanda, na nyuma yake waumini kama ishirini. Alikuwa amesikia yote. Akasema video imegeuzwa madhabahu, akamtuma mtu amwite mwenyekiti. Watu wakatawanyika. Jioni hiyo kufuli likawekwa, na Nnalongo akatembea peke yake kurudi kwake.

"Hicho ndicho kilichoniuma," anasema Teo. "Si kufuli. Nilimwita mgeni akamkalia mama wa watu, halafu huyo mama nikamwacha aende na njaa. Mimi, niliyemwandikia 'binti hajala' miaka yote hiyo."

Kikao kilifanyika Alhamisi iliyofuata, kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti Lawrensio Ssekabira alitaka ushahidi, na ushahidi uliokuwepo ni kaunta buku saba. Akaanza kusoma kwa sauti, kwa sura ya serikali. Alipofika kwa mume bwege na mkate, sura ikamshinda. Ikabidi anywe maji.

Pasta Erisa akasimama. Alizungumza vizuri, kuhusu milango ya kiroho na watoto wanaopita nje. Kisha, akiwa amepamba moto, akaongeza kuwa isitoshe, yule mtu wa kengele hakuomba hata mara moja kabla ya kuanza, ndiyo maana unga uliruka mara ya tatu.

Darasa zima likamgeukia.

Nnalongo ndiye aliyeuliza. "Pasta, wewe hiyo picha umeiona lini?"

Pasta alitazama chini. "Ukuta ni wa bati, mama."

Ikatoka yote. Miaka tisa amekuwa akiandaa mahubiri yake ya Jumapili upande wa pili wa bati. Mpaka Jumapili ile alikuwa hajawahi hata kufika mlangoni, na picha yenyewe hajaiona hata kivuli. Lakini anajua unga unaruka lini, anajua mama mkwe analia wapi, na kwa kuulizwa alikiri kuwa zaidi ya mara moja amelala akijiuliza kama yule binti alipona. Mwenyekiti akaagiza hayo nayo yaandikwe kama maoni, kwa kuwa mtu akisikiliza naye ni mteja.

Pasta akasema yeye hana ugomvi na Ssenga Teo. Ugomvi wake ni manyanga. Hapo hata Teo alitikisa kichwa kukubali.

Wakataka kupiga kura. Nnalongo akainuka tena.

"Mnabishana juu ya pepo aliyenipanda, na mimi hamjaniuliza," alisema. "Nilipozinduka nilikuta nimefunikwa. Leso yangu imefungwa vizuri, mfuko wangu wa kahawa upo na hela zangu zipo. Humo ndani kila mtu ana simu, na hakuna hata mmoja aliyenipiga picha. Nionyesheni mahali pengine mjini hapa ambapo mwanamke anaweza kuanguka na akatunzwa hivyo, halafu ndiyo mfunge."

Mwenyekiti akafunga kaunta buku.

Uamuzi ukawa mfupi. Manyanga yarudi kwenye boriti. Onyesho moja la majaribio, mwenyekiti akiwepo. Na kwa kuwa kaunta buku nne zinalalamika jambo lilelile, kwamba binti anaachwa tu dirishani, Teo aimalize ile picha inavyotakiwa kumalizwa.

Teo alitoka pale analia. Anasema hakuwa analia kwa uchungu. "Siku zote nilidhani mimi ndiye ninayewapa hawa watu kitu. Wamenisomeshea watoto watatu kwa mia tano mia tano. Mmoja ni muuguzi. Halafu siku ya shida wananitetea kwa maneno yao wenyewe, niliyoyaandika kwa mkono wangu nikidhani nafanya utani."

Saa nane kasoro, mabenchi yamejaa. Mwenyekiti amekaa katikati, kufuli liko mapajani kama paka. Pasta Erisa amekaa benchi la tatu, mgongo umenyooka, macho yameganda kwenye skrini ambayo bado haijawaka. Nnalongo yuko mahali pake. Chini ya meza ya Teo kuna kitu kimefunikwa kwa kitambaa.

Picha inaanza. Binti anapotokea mara ya kwanza, na unga puani, Pasta anasogea mbele.

Pepo anapoingia, Teo anavuma kwa mdomo. Mafua yamepona. Ni upepo mtupu, mrefu, mpaka watu wa nyuma wanajikunyata. Mwenyekiti anageuka kumtazama Nnalongo. Watu wote wanageuka kumtazama Nnalongo. Nnalongo anawaambia watazame mbele, wamelipia picha, hawakumlipia yeye.

Mtu wa kengele anaingia na koti lake jeusi, anafungua mdomo kufoka kama alivyofoka miaka yote. Lakini leo, kwa sauti ya Teo, anasalimia. Anaomba radhi kwa kuingia bila kubisha. Anauliza, "Mzee wangu, wewe ni nani, ukoo gani, na unahitaji nini?" Mdomo wake kwenye skrini unafoka na kutema mate, mkono unatikisa kengele, lakini maneno yanayotoka ni ya adabu tupu. Kibanda kinacheka mpaka bati linaitika. Pepo naye, kwa sauti ya Teo, anasema anaomba kuzikwa, basi. Anaahidiwa. Anatoka.

Binti anaegemea dirisha. Theluji inaanguka. Skrini inakuwa ya bluu.

Hakuna anayeinuka.

Kwenye ule mwanga wa bluu, Teo anachukua kipaza sauti tena. Sauti ni ya mama mkwe, ila imelainika.

"Mwanangu, toka dirishani. Njoo ule."

Anavuta kitambaa chini ya meza. Anafungua majani ya mgomba karibu na kipaza sauti, na mlio wake unatoka kwenye spika, mkavu halafu laini. Mvuke unapanda. Harufu ya matoke na karanga inafika benchi la kwanza, la pili, la nyuma kabisa. Mtu anameza mate, anasikika.

Teo anapakua sahani. Anaweka kipaza sauti mezani, anavuka mbele ya skrini ya bluu, anapiga magoti mbele ya benchi la mbele, kulia, na kumpa Nnalongo sahani kwa mikono miwili.

Nnalongo anaipokea. Ananawa, anakula. Anakula polepole, na watu zaidi ya sitini wanamsubiri amalize.

Mlangoni, foleni ya maoni ni ndefu kuliko siku zote. Mwenyekiti anasema ya kwake, "Imeisha vizuri," anaacha kufuli mezani pamoja na funguo zake mbili, anaondoka. Pasta Erisa anaomba kalamu. Anaandika mwenyewe, kwa herufi za mtu wa shule: "Ni mdogo kuliko nilivyodhani. Nashukuru amekula."

Teo ana mpango. Muuguzi, bintiye, amemwambia siku hizi unaweza kurekodi sauti kwa simu na kuituma mbali, kwa watu wanaojua lugha za dunia. Wataanza na dakika moja ya mama mkwe. Wakishajua ni lugha gani watajua ni nchi gani, na wakijua nchi watamuulizia yule binti wa kwenye picha, ambaye kama yu hai sasa ni bibi kizee.

"Nataka nimtumie hizi kaunta buku nne," anasema, akizipangusa kwa mkono. "Ajue kwamba kuna mji hajawahi kuusikia, na watu wake wamekuwa wakimuwaza miaka yote hii. Akinijibu, nitasoma jibu lake kwenye kipaza sauti. Na kiingilio siku hiyo hakuna."

Wa mwisho kutoka ni Nnalongo. Anajifuta vidole kwa ukingo wa leso, anasimama mbele ya meza. Teo anashika kalamu, na kwa mazoea anaanza kuandika ile B.

"Binti amekula," anasema Nnalongo. "Ila chumvi ilipungua."